Safari ya mwandishi wa tamthilia za Japani: kutoka shindano la Fuji TV hadi Netflix (uzi mrefu)

KaratasiMiaNne #1

Wakuu, habari za humu ndani.

Tukizungumzia tamthilia za Japani hapa jukwaani, majina yanayotajwa ni ya waigizaji, mara chache ya mwongozaji. Kule kwenyewe mtazamaji mzoefu huuliza kwanza nani kaandika. Jina la mwandishi hutangazwa pamoja na la nyota, na wapo watu wanaomfuata mwandishi mmoja kutoka kituo hadi kituo kama wengine wanavyofuata timu ya mpira. Kwa hiyo uzi huu ni wa hiyo kazi: unaingiaje, unaandika nini hasa, inakwama wapi, na intaneti imebadilisha kipi. Uti wa mgongo nitaufanya mtu mmoja, Sakamoto Yuji. Wenye ujuzi ongezeni nyama.

Sakamoto alizaliwa Osaka mwaka 1967. Mwaka 1987 Fuji TV ilianzisha shindano la miswada ya vijana, na yeye, akiwa na miaka 19, akaibuka mshindi wa kwanza kabisa. Mwaka uliofuata alishinda Nojima Shinji, naye akawa jina kubwa. Januari 1991, akiwa na miaka 23, Sakamoto alikabidhiwa saa tatu usiku ya Jumatatu, ile nafasi Wajapani wanayoiita "getsuku". Kazi ilikuwa Tokyo Love Story, sehemu 11, kutoka kwenye manga (hadithi ya katuni ya Kijapani) ya Saimon Fumi. Alichofanya ni kumvuta Rika, msichana anayesema anachokitaka bila kuzunguka, akamweka katikati ya hadithi. Sehemu ya mwisho ilitazamwa kwa asilimia 32.3 katika eneo la Kanto, yaani Tokyo na majirani zake.

Wengi huishia hapo wakadhani mtu kashafika. Angalieni miaka iliyofuata. Mwaka 1997 aliandika mchezo wa kompyuta wa Sega Saturn, Real Sound, ambao hauna picha. Kioo kinabaki kitupu, mchezaji anasikiliza tu: sauti za watu, nyayo, kengele. Kwa mtu ambaye baadaye angesifiwa kwa mazungumzo, siwezi kufikiria darasa bora kuliko kuandika hadithi nzima ambayo hakuna uso wa kuisaidia. Mwaka 2006 yuko Fuji tena na Saiyuki, ile hadithi ya mfalme nyani. Mwaka 2007 anaandika Watashitachi no Kyokasho, inayohusu kifo cha mwanafunzi na uonevu shuleni, na inampa Tuzo ya Mukoda Kuniko.

Tuzo hiyo ndiyo heshima kubwa ya mwandishi wa televisheni kule. Imepewa jina la mwandishi Mukoda Kuniko, aliyefariki mwaka 1981 kwenye ajali ya ndege Taiwan. Mliotazama Asura ya Netflix mwaka 2025, iliyoongozwa na Koreeda, hiyo ni kazi ya Mukoda ya mwaka 1979 iliyorushwa na NHK, shirika la utangazaji la umma, imefanywa upya.

Kisha ukaja mfululizo wenyewe: Mother (2010), Soredemo, Ikite Yuku (2011), Saikou no Rikon na Woman (2013), Quartet (2017), anone (2018). Baada ya hiyo ya mwisho alijiweka kando na tamthilia za kila wiki, akarudi 2021 na Oomameda Towako. Mei 2023 Cannes ikampa tuzo ya mswada bora kwa filamu ya Kaibutsu, na mwaka huohuo ikatangazwa kwamba amesaini na Netflix mkataba wa miaka 5.

Kutoka ushindi wa 1987 hadi Mother ni miaka 23. Hiyo namba muikumbuke tukifika kwenye mashindano.

Binti_Ujiji #2

Asante mkuu, uzi umekuja wakati mzuri. Swali moja la haraka: sehemu zote 11 anaandika mtu mmoja? Maana Marekani tunasikia chumba kizima cha waandishi.

Mpiga_Chapa #3

@Binti_Ujiji ndiyo, mara nyingi mmoja, na hili ndilo linalofanya jina la mwandishi liwe na uzito kule. Tamthilia ngumu za polisi au hospitali, zenye kesi mpya kila wiki, hugawanywa kwa waandishi wawili watatu, mmoja akiwa mkuu. Lakini tamthilia ya mapenzi au ya familia isiyotoka kwenye kitabu, mwandishi ni mmoja mwanzo mwisho.

Tuhesabu mzigo wenyewe. Mwaka wa televisheni umekatwa vipande vinne vya miezi mitatu, kila kimoja kinaitwa "kuuru": Januari, Aprili, Julai, Oktoba. Ndani ya kuuru moja tamthilia hupata sehemu 10 au 11. Nafasi ya usiku inayoitwa ya saa nzima kwa kawaida ni dakika 54, ukitoa matangazo inabaki kama 46 ya hadithi. Sehemu 11 mara 46 ni dakika 506. Mtu mmoja.

NHK ina vipimo vyake. Ile ya asubuhi, "asadora", ni dakika 15 kila siku kwa nusu mwaka. Zamani ilikuwa siku sita kwa wiki, tangu 2020 ni tano. Tora ni Tsubasa ya 2024, iliyoandikwa na Yoshida Erika, ilikwenda wiki 26, sehemu 130, yaani dakika 1,950. Ile ya kihistoria ya Jumapili, "taiga", ni dakika 45 na inakaribia mwaka mzima. Kamakura-dono no 13-nin ya Mitani Koki (2022) ilikuwa na sehemu 48. Mwandishi wa asadora au taiga huanza zaidi ya mwaka kabla ya kurushwa, na akiugua katikati hakuna wa kumshikia kalamu kirahisi, maana sauti ya wahusika yote iko kichwani mwake.

Binti_Ujiji #4

Dakika 1,950 kichwani mwa mtu mmoja! Haya, sasa tuonyesheni ukurasa wenyewe unafananaje.

KaratasiMiaNne #5

Jina langu la humu limetoka hapo hapo. Kipimo cha Kijapani ni karatasi ya miraba: mistari 20, kila mstari miraba 20, jumla herufi 400. Huandikwa kutoka juu kwenda chini, kuanzia kulia. Karatasi moja ya 400 inahesabiwa kama dakika moja ya skrini. Watu wa kazi hupenda zaidi nusu yake, ya herufi 200, wanaiita "pera". Pera mbili ni dakika moja. Ukisikia mtu anasema "nimeandika pera 92" elewa ni sehemu ya dakika 46.

Siku hizi wanaandika kwa kompyuta, lakini ukurasa bado unapangwa 20 kwa 20 ili hesabu isipotee.

Ndani ya karatasi kuna vitu vitatu tu. "Hashira", yaani nguzo: mstari unaotaja mahali na wakati, na hutanguliwa na duara. "Togaki": kinachoonekana na kusikika, kimesogezwa ndani miraba mitatu. "Serifu": maneno ya mhusika, jina likifuatwa na alama ya mabano ya Kijapani. Nimetunga kipande kifupi ili mwone:

○ Duka la kufulia nguo, Nakano (usiku)

      Mashine sita, inazunguka moja tu. SAE (34) amekaa kwenye benchi, soksi moja mkononi. KENJI (36) anaingia na kikapu kitupu.

Kenji「Imebaki dakika ngapi?」

Sae「Nne.」

      Kenji anakaa ncha nyingine ya benchi. Sae anamnyooshea soksi.

Sae「Ilidondoka ulipokuwa unapakia.」

Kenji「Si yangu.」

      Sae anatazama miguu ya Kenji.

Sae「Ya pili yake umeivaa.」

Angalieni togaki. Hakuna "Kenji anaona aibu", hakuna "Sae anamkumbuka mumewe". Kamera haiwezi kupiga picha ya kukumbuka. Mwanafunzi hujaza togaki hisia, na msomaji wa shindano akifika ukurasa wa tatu anajua huyu anaandika riwaya. Kosa la pili ni nguzo isiyo na wakati: mchana au usiku usipoandikwa, watu wa taa na wa ratiba wote wanakwama. Kosa la tatu ni kuandika pembe za kamera. Hiyo ni kazi ya mwongozaji na atachukia.

Kibanda_cha_Riwaya #6

Naunga mkono hoja, niongeze mfano wa Sakamoto mwenyewe. Kwenye Quartet, sehemu ya kwanza, wanamuziki wanne wanaishi nyumba moja Karuizawa. Mezani kuna sahani ya karaage, kuku wa kukaanga, wanakula pamoja. Wawili wanakamua limau juu ya sahani nzima bila kuuliza. Mmoja anapinga: ukishakamua hakuna kurudi nyuma, kuku haoshwi. Ugomvi unaendelea, mtazamaji anacheka, anaona ni mchezo tu wa kujaza muda.

Kisha mwishoni mwa sehemu hiyohiyo mmoja wao anaeleza jinsi alivyomsikia mumewe, bila mume kujua, akimwambia mtu mwingine kwamba yeye limau kwenye karaage halipendi. Miaka yote ya ndoa mke alikuwa akimkamulia na mume hakuwahi kusema. Pale limau linageuka kuwa ndoa nzima. Wala hakuna aliyesimama kuhutubia kuhusu ndoa.

Hiyo ndiyo mbinu inayofundishwa kule: kitu kidogo cha mkononi kinaingia mapema kikiwa chepesi, kinarudi kikiwa kizito. Na lazima kitu chenyewe kiwe na tabia inayofanana na tatizo. Limau lilifaa kwa sababu haliondoki likishaingia. Angeweka chumvi, ugomvi ungekuwepo, lakini chumvi mtu hujinyunyizia kwenye kipande chake.

Mpiga_Chapa #7

Safi sana @Kibanda_cha_Riwaya. Niseme hatua za kazi sasa, kuanzia wazo hadi siku ya kupiga picha. Majina nayaacha ya Kijapani kwa sababu ndiyo yanayotumika.

Kwanza "kikakusho", pendekezo. Kurasa chache: hadithi kwa sentensi mbili tatu, wahusika, kwa nini sasa, na nani ataigiza. Msishangae hilo la mwisho. Mara nyingi nyota anashikwa mapema kuliko hadithi, kwa sababu ratiba za nyota hujaa mwaka mmoja au zaidi mbele. Mwandishi anaambiwa: tunaye fulani kwa Julai, tuletee kitu. Kuandika ukijua nani atasema maneno hayo kunaitwa "ategaki".

Pili "purotto", hadithi kwa maelezo ya kawaida bila mazungumzo. Prodyuza huirudisha mara nyingi.

Tatu "hakogaki", uandishi wa masanduku. Kila tukio linapata sanduku lake: wapi, nani, nini kimebadilika kati ya mwanzo na mwisho wake. Sanduku ambalo hakuna kilichobadilika hufutwa. Wengine huandika kwenye vikaratasi na kuvipanga sakafuni. Hapa ndipo unapoona kwamba mhusika wako mkuu hajaonekana kwa dakika tisa, na ni rahisi kusogeza kikaratasi kuliko kuandika upya kurasa.

Nne "shokou", rasimu ya kwanza. Halafu kikao kinachoitwa "hon'uchi": prodyuza, mwongozaji, mwandishi, wanapitia mstari kwa mstari. Rasimu ya pili, ya tatu, ya nne. Inayokaribia kukamilika inachapwa kama kitabu kidogo na kugawiwa idara zote. Hiyo ni "junbikou", rasimu ya maandalizi. Watu wa mahali, mavazi na vifaa hupanga bajeti kwayo. Ya mwisho ni "ketteikou", na waigizaji wanaikariri hiyo.

Hata hapo haijaisha. Karatasi zinazobadilishwa baada ya hapo huitwa "sashikomi", zinachomekwa.

Mambo yanayoharibika, kwa mpangilio wa mara kwa mara:

Muda, wao husema "shaku". Mswada wa dakika 46 unatoka 53. Anayeshika kumbukumbu za matukio huusoma kwa saa ya mkononi kabla ya kupiga picha na kutoa onyo. Mwandishi asipokata mwenyewe, mhariri wa picha atakata, na mara nyingi hukata tukio tulivu lililokuwa limebeba maana.

Sehemu kurefushwa. Ya kwanza na ya mwisho mara nyingi huongezewa dakika kama 15, na uamuzi unaweza kuja wakati masanduku yameshapangwa.

Mahali kupotea. Shule uliyoandikia matukio manne imekataa. Anayeandika vizuri hujua tukio lipi linaweza kuhamia kituo cha basi bila kufa.

Na ratiba. Upigaji picha huanza miezi kama miwili kabla ya kurushwa, kwa hiyo sehemu ya 1 ikienda hewani, za mwisho huenda bado zinaandikwa. Ukikwama sehemu ya 7, watu kadhaa wanakusubiri.

Mama_Remoti #8

Mimi ni wa tamthilia za Kituruki, humu nimeingia kwa sababu nimesikia Kadın asili yake Japani. Ni kweli?

KaratasiMiaNne #9

@Mama_Remoti karibu sana dada. Kweli kabisa. Kadın imetokana na Woman ya Sakamoto, Nippon TV, 2013. Na Anne imetokana na Mother yake ya 2010, ile ya mwalimu anayemtorosha mwanafunzi wake mdogo anayeteswa nyumbani na kujifanya mama yake. Mother imefanywa upya pia Korea Kusini mwaka 2018, na nchi nyingine.

Tofauti ya ukubwa ni funzo lenyewe. Woman ina sehemu 11, ukizijumlisha hazifiki saa 10. Kadın ilikwenda sehemu 81 kati ya 2017 na 2020, na sehemu moja ya Kituruki ni kama saa mbili. Anne sehemu 33. Waturuki walihitaji majirani, maadui, mapenzi ya pembeni na siri za ziada ili kujaza muda huo. Kilichobaki kilekile ni kiini: mwanamke, watoto wake, na mama aliyemwacha zamani. Kiini kikiwa imara kinabeba hata mara kumi ya uzito wake. Ndiyo maana prodyuza wa Kijapani humsumbua mwandishi kwa wiki nzima juu ya sentensi mbili za mwanzo wa pendekezo.

Mama_Remoti #10

Basi naitafuta hiyo Woman leo hii. Ahsanteni.

Kibanda_cha_Riwaya #11

Turudi kwenye mlango wa kuingilia. Mashindano. Fuji TV Young Scenario Taisho ndilo lenye jina, zawadi ya juu yeni milioni 5. NHK inalo lake la muda mrefu. Nippon TV na TBS zimeanzisha mapya mwaka 2023.

Mfano mzuri wa karibuni ni Ubukata Miku. Alikuwa muuguzi. Mwaka 2021 alishinda la Fuji, na Oktoba 2022 akapewa tamthilia nzima, silent, ya kijana aliyepoteza uwezo wa kusikia na msichana aliyempenda shuleni. Ilivunja rekodi za kutazamwa upya mtandaoni kwenye TVer, ile huduma ya pamoja ya vituo. Lakini msimchukue kama kipimo. Mshindi kupewa sehemu zote za kuuru moja kwenye kazi yake ya kwanza ni jambo la nadra. Nogi Akiko alifanya kazi za filamu za kumbukumbu, akatuma miswada kwa miaka, akashinda mwaka 2010, na kazi zilizompa jina ni za 2016 kuendelea: Nigeru wa Haji da ga Yaku ni Tatsu, halafu Unnatural (2018) na MIU404 (2020).

Mswada wa shindano hutumwa hivi: jalada lenye kichwa, orodha ya wahusika na umri wao, muhtasari mfupi unaoeleza hadithi hadi mwisho, kisha mswada wenyewe ndani ya idadi ya karatasi iliyowekwa. Muhtasari unaoficha mwisho ("je, atampata?") ni kosa. Msomaji si mnunuzi wa tiketi, anataka kujua kama unajua kumaliza. Karatasi kuzidi ni kutolewa bila kusomwa. Wahusika 14 kwenye hadithi ya saa moja ni kosa pia, msomaji anasahau nani ni nani, na majina yanayoanza kwa alama ileile ya kanji (maandishi ya Kijapani yenye asili ya China) yanamchanganya zaidi.

Na kosa kubwa kuliko yote: kutuma nakala ya tamthilia iliyopendwa mwaka jana. Kituo kinayo tayari.

Mkalimani_wa_Pwani #12

Kuhusu mafunzo: iko Scenario Center pale Aoyama, Tokyo, iliyoanzishwa 1970 na Arai Hajime. Zoezi lake linajulikana, mswada wa pera 20, yaani kama dakika 10. Kila zoezi lina kazi moja tu: mfiwa, mwizi, leso, saa. Humalizi hadithi, unaandika tukio moja ambalo kitu hicho kinafanya kazi. Unalisoma kwa sauti mbele ya wenzako, wanatoa maoni, wewe unanyamaza. Hilo la kutojibu ndilo gumu, na lina sababu: kwenye televisheni hutakuwa sebuleni kwa mtazamaji kumweleza ulimaanisha nini.

Mtu akishinda kitu au akipata prodyuza anayemjua, kazi ya kwanza mara nyingi si mswada. Ni purotto. Prodyuza anakusanya mapendekezo mengi kuyapeleka ndani, na anahitaji mtu wa kuyaandika. Pendekezo likikataliwa malipo huwa madogo au hakuna. Waliopita njia hiyo wana ushauri mmoja wa vitendo: kabla ya kuanza uliza maandishi ni kurasa ngapi, marekebisho mangapi, na unalipwa nini likikataliwa. Uliza kwa barua pepe ili jibu libaki.

Mpiga_Chapa #13

Tugusie haki, maana watu huzichanganya. Kwa sheria ya Japani, filamu au tamthilia ikishatengenezwa, haki ya kazi hiyo ni ya mtengenezaji. Lakini mswada unabaki kuwa kazi ya mwandishi, na tamthilia inahesabiwa kuwa imezaliwa kutoka humo. Ndiyo maana ikirudiwa hewani au ikitolewa kwenye diski, mwandishi anadai malipo ya matumizi ya pili, na vyama kama Nihon Kyakuhonka Renmei humkusanyia. Marekani mwandishi wa televisheni huandika kama mwajiriwa, mswada ni mali ya studio tangu mwanzo.

Kwa huduma za intaneti mambo hubadilika: mara nyingi mkataba ni "kaikiri", malipo ya mara moja yanayofunika kila kitu. Kiasi cha mwanzo huwa kikubwa zaidi, lakini kazi ikitazamwa dunia nzima miaka kumi, hakuna kinachoongezeka. Kabla ya kusaini, soma kifungu cha kufanya upya nje ya nchi. Ukikumbuka Kadın hapo juu utaona kwa nini.

Binti_Ujiji #14

Na zile zinazotoka kwenye manga? Nasikia kuna msiba ulitokea.

KaratasiMiaNne #15

@Binti_Ujiji ndiyo, na tuliseme kwa adabu. Oktoba 2023 Nippon TV ilianza kurusha Sexy Tanaka-san kutoka kwenye manga ya Ashihara Hinako. Manga ilikuwa haijaisha. Mwandishi wa manga alikuwa ametaka hadithi isipotoshwe, na mwishowe sehemu za 9 na 10 aliziandika mwenyewe. Januari 2024 alieleza hadharani jinsi mambo yalivyokwenda, na siku chache baadaye akafariki. Kituo kilitoa ripoti ya uchunguzi Mei, na mchapishaji Shogakukan akatoa ya kwake Juni.

Tatizo la kimfumo ndilo la kujifunza. Mwenye manga na mwandishi wa mswada kwa kawaida hawakutani. Neno linatoka kwa msanii, linapita kwa mhariri wake, kwa idara ya haki ya mchapishaji, kwa prodyuza, ndipo linamfikia anayeandika. Kila anayelipitisha hulilainisha kidogo ili asimkwaze wa mbele yake. "Sharti" linafika likiwa "ombi". Wote wanaofanya kazi kwa nia njema wanaweza kuumizana vibaya sana kwa njia hiyo. Dawa inayotajwa na watu wa pande zote mbili ni nyepesi kuisema: masharti yaandikwe na kusainiwa kabla ya kutangaza tamthilia, mwenye manga na mwandishi wakutane angalau mara moja mwanzoni, na manga isiyoisha isipelekwe hewani kwa haraka.

Mkalimani_wa_Pwani #16

Upande wa intaneti. Netflix iliingia Japani Septemba 2015. Tofauti anazokutana nazo mwandishi ni hizi.

Hadithi haipangwi kufuata mapumziko ya matangazo. Kwenye televisheni anapanga mishtuko midogo kabla ya kila mapumziko. Mtandaoni mishtuko hiyo ikibaki inaonekana kama mtu anayekohoa katikati ya sentensi. Kinachobaki muhimu ni dakika za mwisho za kila sehemu.

Shaku halibani. Sehemu moja dakika 38, inayofuata 61.

Miswada kwa kawaida hukamilika yote kabla ya kupiga picha. Hapa faida ina hasara yake: unaweza kurudi sehemu ya 1 kupanda mbegu unayoihitaji sehemu ya 8, lakini huwezi kuona mwigizaji wa pembeni aking'ara sehemu ya 3 ukamwongezea maneno sehemu ya 6, jambo ambalo waandishi wa televisheni hulifanya sana.

Idadi ya sehemu ni ndogo. Sanctuary (2023), ya mieleka ya sumo, mswada wa Kanazawa Tomoki, ni 8. Jimenshi-tachi (2024), ya matapeli wa viwanja, ni 7, na Oone Hitoshi aliiandika na kuiongoza mwenyewe. Mwandishi kuwa pia mwongozaji kunaonekana mara nyingi huko.

Na NHK nayo imejaribu chumba cha waandishi. Mradi wa WDR ulianza 2022, ukachagua watu kumi, na kutoka humo ikatoka 3000-man ya Oktoba 2024 iliyoandikwa na waandishi wanne pamoja. Kwa nchi iliyozoea kalamu moja, hilo ni badiliko kubwa.

Binti_Ujiji #17

Swali la mwisho wakuu. Hiyo karatasi ya miraba 400 kwa dakika, mtu anayeandika Kiswahili anaweza kuitumia?

KaratasiMiaNne #18

@Binti_Ujiji hapana, si kwa kuhesabu herufi. Alama moja ya kanji inaweza kubeba neno zima. Sisi "watakapokutana" peke yake ni herufi 14. Miraba 400 ya Kiswahili ingejaa kwa nusu dakika hivi.

Tengeneza kipimo chako. Andika tukio la mazungumzo la kurasa tano kwa mpangilio utakaoutumia siku zote: herufi ukubwa uleule, jina la msemaji mstari wake, maelezo yamesogezwa ndani. Lisome kwa sauti na mwenzako kwa mwendo wa kawaida wa kuongea, saa ikiwa mezani. Maelezo usiyasome, yafanye: kama mhusika anafungua mlango na kukaa, simama ufungue mlango ukae. Gawanya dakika kwa kurasa. Rudia kwa tukio lenye maneno machache na vitendo vingi, maana namba itatoka tofauti kabisa, na wastani wa hizo mbili ndio wa kuanzia. Ukibadilisha ukubwa wa herufi au upana wa pambizo, pima tena.